Milioni 5 za maswali jukwaani: tufuate mtindo upi?

Kibwana_Tanga
Wadau, habari za jioni. Nipo kwenye kamati ya sherehe za miaka 50 za shule yetu ya sekondari. Mhitimu mwenzetu katoa fedha, anataka siku hiyo kuwe na mashindano ya maswali ya kishindo kama yale ya kwenye TV. Kikao ni Jumamosi na mimi ndiye ninayetakiwa kupeleka pendekezo. Nimebakiza mitindo minne: ngazi ya Who Wants to Be a Millionaire?, maboksi ya Deal or No Deal, pesa taslimu za kudondoka za The Million Pound Drop, na kutoana kwa kura kwa The Weakest Link. Upi unashika watu? Sitaki watu wainuke kufuata pilau katikati ya swali.

Bi_Tatu
Pilau likishanukia hakuna swali litakalomshika mtu, mwanangu. Pangeni mashindano kabla.

Mzee_wa_Sebule
Kibwana, umeuliza nauli bila kusema unakwenda wapi. Kitita ni kiasi gani? Washiriki wangapi? Muda? Ukumbini au chini ya turubai? Na nani anatunga maswali?

Kibwana_Tanga
Samahani wakuu. Ni milioni 5. Muda tumepewa saa moja na nusu. Turubai, watu kama mia nne. Washiriki bado hatujajua. Maswali atatunga mwalimu wa taaluma.

Mzee_wa_Sebule
Sasa tunaongea. Mimi ni ngazi tu, sina mjadala. Kipindi kilianza ITV Uingereza mwaka 1998 na Chris Tarrant, na watu wanadhani kilishika kwa sababu ya ile pauni milioni. Hapana. Kilishika kwa sababu ya sakafu. Kwenye ngazi ya zamani ya maswali 15, ukivuka 32,000 hizo ni zako hata ukikosea huko mbele. Sasa mtu kafika 500,000, swali la mwisho liko mbele yake. Akiacha, anaondoka nazo. Akijibu akakosea, anarudi 32,000. Yaani kapoteza 468,000 kwa kutamka herufi moja! Hapo ndipo sebule nzima inanyamaza, hata mtoto aliyekuwa analia.

Na lazima mshiriki afikiri kwa sauti. "Hii C nimewahi kuisikia, ila B..." Mtazamaji anaingia ndani ya kichwa chake. Mshiriki akikaa kimya kama gogo, hata ukiweka milioni mia watu watalala.

Kipanga
Mzee nakuheshimu, ila ngazi imezeeka. Ya kudondosha pesa ndiyo yenyewe. Kwenye ngazi unapanda kutafuta pesa. Huku unapewa zote mwanzoni, halafu kazi yako ni kuzuia zisiondoke. Channel 4 ya Uingereza, mwaka 2010: wawili wanakabidhiwa pauni milioni moja taslimu, mafungu 40 ya 25,000, maswali 8. Unazipanga juu ya milango ya majibu, na lazima mlango mmoja uuache mtupu. Zilizo juu ya majibu yasiyo sahihi zinadondoka mbele ya macho yako. Vidonda vya tumbo vile.

Kwa milioni 5 hesabu inakaa vizuri kabisa: mafungu 40 ya 125,000, kila fungu noti 25 za elfu tano. Ukiona mke na mume wanavutana fungu moja, huyu anataka liende kwenye "Dodoma", yule "Singida", umemaliza. Hakuna wa kwenda kwenye pilau.

DadaMkubwa
Na hiyo milango ya kudondokea atatengeneza nani? Fundi seremala wa shule?

Kipanga
Mabakuli, dada. Bakuli nne juu ya meza. Jibu likiwa si lenyewe, mtunza hazina anakuja anachukua bakuli taratibu huku anamwangalia mtu usoni. Inauma kuliko mlango.

DadaMkubwa
Hapo umenichekesha, nimekubali. Ila maboksi yaondoeni kabisa kwenye orodha. Yale si mashindano ya maswali, ni bahati nasibu yenye maneno mengi. Mtu anafungua boksi lenye pesa zilizofichwa, boksi, boksi, simu inalia, "benki inatoa kiasi hiki", anakataa. Amejua nini? Hajajua lolote. Shule mnaisherehekea kwa kubahatisha?

Nyangumi
Dada, bibi yangu hajui kusoma, na maboksi alikuwa anayafuatilia kuliko taarifa ya habari. Kwenye maswali ya ngazi alikuwa anasinzia kwa sababu hawezi kucheza. Kwenye maboksi anacheza. "Chukua hizo pesa we mpumbavu!" anamwambia mtu aliye Uingereza. Usidharau. Kila mtu anajua jinsi ya kuamua akiwa na laki mbili mkononi na tatu msituni.

Wuod_Kisumu
Ndugu zangu, sisi huku tulikuwa na Celtel Africa Challenge, baadaye ikaitwa Zain. Timu za vyuo vikuu, John Sibi-Okumu akiuliza, na ile sauti yake tulivu. Hakuna taa za kutisha, hakuna muziki wa mazishi. Maswali yalikuwa yanashuka kama mvua, na chuo chako kikikosa swali la kemia, kesho yake mnachekwa matatuni. Kilichotushika kilikuwa heshima, si pesa. Kibwana, wekeni mwaka dhidi ya mwaka! Waliomaliza zamani dhidi ya waliomaliza juzi. Hizo milioni zitanunua viti vya maabara.

Kibwana_Tanga
Wazo zuri, ila mfadhili anataka mtu mmoja aondoke na kitita. Kasema "nataka waone mtu akilia kwa furaha."

Bi_Tatu
Huyo mfadhili ana lake jambo.

Mpemba_Muscat
Salaam aleikum. Mie huku kambini tunalala na Wahindi, na Kaun Banega Crorepati, ile Millionaire ya India, ikianza hakuna anotoka chumbani. Amitabh Bachchan anaongea na mshiriki kama babake. Anamuuliza kwao, anamuuliza mkewe, anamwachia apumue. Mie Kihindi nashika nusu, lakini nakaa hadi mwisho. Mwaka 2011 alishinda kijana wa Bihar, Sushil Kumar, rupia krori 5, yaani milioni 50. Mshahara wake ulikuwa elfu sita kwa mwezi! Jirani yangu wa kitanda bado anamsimulia kama vile ni binamu yake.

Ila na upande wa pili ujulikane: miaka baadaye yule kijana aliandika mwenyewe kuwa baada ya ushindi maisha yake yaliingia giza, watu wakamzonga, akatapeliwa. Kwa hiyo huyo mtu wenu wa kulia kwa furaha, mpeni na mtu wa kumsindikiza nyumbani.

Nasema hivi: kipindi ni mwendeshaji. Mtindo unakuja baada. MC wenu nani?

Kibwana_Tanga
MC ni shemeji yake mwenyekiti.

Mzee_wa_Sebule
Basi tena.

Mchuuzi_wa_Mwanza
Nimesoma yote nikasema ninyamaze, nimeshindwa. Mnajadili bakuli na maboksi, hakuna anayejadili KARATASI YA MAJIBU. Ngoja niwasimulie.

Miaka kadhaa nyuma kulikuwa na bonanza la kampuni fulani, siitaji. Zawadi pikipiki mpya, imepandishwa jukwaani na utepe mwekundu, bado ina nailoni kwenye kiti. Tulianza watu thelathini. Tukachujwa, tukachujwa, nikabaki mimi na dada mmoja muuza dagaa ambaye nilimwona kabisa ameshaanza kutetemeka. Swali la mwisho kwangu. MC anasoma: "Ziwa lipi ni refu kuliko yote Afrika?"

Jamani. Mimi marehemu baba alikuwa kuli kwenye meli ya Kigoma. Sikusubiri hata amalize. Nikasema Tanganyika. MC akatazama karatasi. Ilikuwa imekunjwa mara nne, ina doa la chai, naiona hadi leo. Akasema, "Pole sana ndugu yangu. Jibu ni Victoria."

Nikadhani anatania. Nikamwambia mkuu, Victoria ni kubwa kwa eneo, urefu ni Tanganyika, linashuka kutoka Burundi mpaka Zambia, kilomita zaidi ya 600. Akanigeuzia kisogo, akaongea na kipaza sauti: "Tunafuata karatasi." Watu wakaanza kupiga kelele, nusu wananitetea, nusu wanasema niteremke jua kali. Mwalimu mmoja akapanda jukwaani na simu yake kuonyesha, walinzi wakamshusha. Yule dada akaulizwa mji mkuu wa Kenya. Nairobi! Akapewa ufunguo.

Jioni meneja akaniita pembeni. Akasema "tumeona kulikuwa na utata kidogo", akanipa fulana na kreti ya soda. Fulana yenyewe saizi ya mtoto.

Na kinachoniuma si pikipiki. Dada yule alinitafuta baadaye, akaniambia hata yeye alikuwa anajua ni Tanganyika, na tangu siku ile watu sokoni wanamwita "Victoria". Tulipata hasara wote wawili. Kwa hiyo Kibwana, mwalimu wa taaluma peke yake hapana. Watu watatu wapitie kila swali, na mmoja wao awe mbishi.

DadaMkubwa
Pole kaka. Nimesoma hiyo nikiwa kwenye daladala, nimeguna hadi kondakta kaniangalia.

Nyangumi
Pole sana. Ila kiutani, "utata kidogo" na kreti ya soda 😂

Kipanga
Na maswali yavuje? Mwalimu wa taaluma ana wanafunzi wake wa zamani hapo hapo. Mmesahau yule meja wa jeshi wa Uingereza, Charles Ingram? Septemba 2001 kafika swali la mwisho la Millionaire, namba gani ni moja ikifuatiwa na sifuri mia. Anasema hajawahi kulisikia neno "googol", anazunguka, akilitaja jibu sahihi mtu anakohoa, anasema googol, anashinda milioni. Hundi ikazuiwa. Mwaka 2003 mahakama ikawatia hatiani yeye, mkewe na mkohoaji.

Wuod_Kisumu
Mimi ile kesi sijawahi kuiamini asilimia mia. Ukumbi mzima watu wanakohoa. Ukichagua vikohozi unavyotaka, hata mimi nitakuwa mwizi.

Kipanga
Mahakama ilisikiliza mkanda, wewe umesikiliza nini?

Wuod_Kisumu
Mkanda uliotayarishwa na watengenezaji wa kipindi wenyewe. Wao ndio waliodai, na wao ndio waliokuza sauti. Nakuuliza tu.

Mzee_wa_Sebule
Wizi wa mshiriki ni mdogo. Wizi wa mwenye kipindi ndio ulioua maswali ya Marekani miaka ya hamsini. Kipindi cha Twenty-One cha kituo cha TV cha NBC: mshiriki Herb Stempel aliambiwa akosee swali ambalo jibu lake alilijua, ili Charles Van Doren, kijana mtanashati, mhadhiri, apite. Nchi nzima ikampenda. Mwaka 1959 akakiri mbele ya Bunge kwamba alikuwa anapewa majibu. Mwaka uliofuata wakatunga sheria, kuchezea kipindi cha maswali ikawa kosa la jinai. Mtazamaji akishahisi mshindi amepangwa, umemaliza. Ndiyo maana shemeji wa mwenyekiti ananitia wasiwasi.

DadaMkubwa
Na waliokufa kwa shibe je? ABC ya Marekani walileta Millionaire mwaka 1999, ikawa moto. John Carpenter, mtu wa ofisi ya kodi, swali la mwisho kabisa anampigia baba yake simu. Si kuomba msaada, anamwambia tu "naenda kushinda milioni." Mimi nikikumbuka bado nasisimka. Wakubwa wa TV wakaona utamu, wakaiweka karibu kila usiku wa wiki. Kufika 2002 watu wamekinai, ikatolewa saa za jioni. Kwa hiyo raundi moja tu, Kibwana. Msiwe na raundi ya wanafunzi, raundi ya wazazi, raundi ya wageni waalikwa...

Kibwana_Tanga
Raundi ya wageni waalikwa ipo tayari kwenye ratiba, siwezi kuitoa. Mkuu wa wilaya anakuja.

Bi_Tatu
Mkuu wa wilaya akikosa swali mbele ya watu mia nne, hilo nitakuja kulitazama kwa nauli yangu.

Mpemba_Muscat
Kibwana, hujajibu kitu kimoja. Pesa zipo mkononi au zipo mdomoni?

Kibwana_Tanga
Ameahidi. Yuko Marekani, anasema atatuma wiki ya sherehe.

Mzee_wa_Sebule
Ati nini?

Mchuuzi_wa_Mwanza
Wadau, mnaona? Mnaona lakini? Mimi angalau pikipiki niliiona kwa macho.

Kipanga
Mafungu 40 utayafunga na hewa? Mtindo wangu nauondoa rasmi mpaka hela ziingie benki.

Kibwana_Tanga
Jamani ni mtu mwaminifu, tulisoma naye bweni moja. Nirudi kwenye swali: ngazi au bakuli? Kura za kutoana nazo hakuna aliyezigusa.

DadaMkubwa
Wahitimu waliogombana kwenye grupu la WhatsApp kwa ajili ya rangi ya fulana uwape na kura za kutoana? Anne Robinson, mwendeshaji wa The Weakest Link, alikuwa anawafukuza wageni wasiojuana. Nyinyi mtakutana msibani.

Nyangumi
Halafu kule wajanja wanamtoa mwenye akili mwishoni ili wabaki na mnyonge. Hiyo siyo picha ya kuonyesha wanafunzi.

Wuod_Kisumu
Kipanga, nimerudi kuitazama ile video ya kikohozi. Dakika ya googol. Bado sijashawishika.

Kipanga
Fungua uzi wako.

Bi_Tatu
Kibwana, bweni gani? Nimepata shaka huyo wa Marekani namjua. Ni yule aliyekuwa anauza maandazi prepo?

Kibwana_Tanga
😅 Dada, njoo faragha.