Mikono minne ekseli ya nyuma: naomba mkague vipimo kabla sijachomelea

TairiChini

Wakuu habari zenu. Nina Hilux ya milango minne yenye springi za majani nyuma, nimeamua kuzitoa niweke koili na mikono minne, yaani fito nne za kuishika ekseli kwenye chasisi. Nikipanda mawe ekseli inajiviringisha kwenye springi, pinioni (shafti ya difu inayopokea propela) inainua pua, kisha matairi yanaanza kurukaruka palepale bila gari kusogea. Nimebadilisha shokapu, nimeongeza jani, hali ni ileile.

Nimechora ubavu wa gari kwa vipimo halisi. Ekseli hadi ekseli ni 2850 mm. Matairi ni inchi 33, katikati ya ekseli ni 400 mm kutoka ardhini. Kitovu cha uzito nimekikadiria 800 mm. Mkono wa chini: ncha ya ekseli iko 400 kutoka ardhini, ncha ya chasisi 500, urefu wa mlalo 950. Mkono wa juu: ncha ya ekseli 550, ncha ya chasisi 560, mlalo 700. Mikono ya juu inaanza 60 mm kila upande wa katikati ya ekseli na kufunguka hadi 340 kwenye chasisi. Zaidi ya hapo siwezi, naishia kwenye reli. Ya chini inakwenda sambamba. Fito ya Panhard (ile ya kukingama inayozuia ekseli isiende upande) sitaki, bomba la moshi na tanki vimekaa njiani mwake.

Safari ya gurudumu nimepanga 150 kupanda na 200 kushuka. Kikokotoo kinanipa antiskwoti (kiasi ambacho mikono inazuia nyuma isichuchumae ukikanyaga mafuta) ya 124%. Wapo wanaoniambia hiyo ndiyo nzuri kwa kupanda, wapo wanaosema nitapinduka. Nani yuko sahihi? Na mikono niitengeneze kwa bomba la 50 mm unene 6, au nitafute nene zaidi? Bushi za raba au rodi endi (jointi za duara za chuma)?

MzeeWaChasisi

Ndugu yangu, umefanya vizuri kuja na namba. Nitaanza na jambo ambalo hukuuliza, maana ndilo lililonishtua kwenye mchoro wako: pale kwenye ekseli, kutoka mkono wa chini kwenda juu hadi mkono wa juu, una 150 mm tu. Hiyo 124% iache kwanza.

Matairi yanapokamata, nguvu ya kusukuma gari iko chini kabisa, ardhini. Tuiite N. Mikono iko juu yake, kwa hiyo ekseli nzima inataka kugeuka, na kinachoizuia ni huo umbali kati ya mikono. Mikono ya chini inabanwa kwa N mara 550 kugawa kwa 150, yaani 3.67 za N. Ya juu inavutwa kwa N mara 400 kugawa kwa 150, yaani 2.67. Tofauti yake ni N moja, na hiyo moja ndiyo inayosogeza gari. Nyingine yote ni mikono inashindana yenyewe kwa yenyewe kupitia chomelea zako.

Sasa tia uzito. Uko kwenye mwinuko mkali, nyuma imebeba tani 1.4, mwamba mkavu unashika vizuri, N inaweza kukaribia hiyo tani 1.4. Kila mkono wa chini unabeba tani 2.6. Kila mkono wa juu tani 1.9, na kwa kuwa umekaa kwa pembe ya digrii 22 kutoka mstari wa katikati, inafika tani 2. Hapo sijahesabu mruko. Tairi likiwa linazunguka hewani halafu likatua na kushika ghafla, zidisha. Tairi moja likiwa juu na difu imefungwa, upande mmoja unabeba sehemu kubwa ya mzigo wote.

Inua ncha ya juu hadi 620, upate umbali wa 220. Mkono wa chini unashuka hadi 2.82 za N, wa juu hadi 1.82. Yaani breketi ya juu ya difu imepunguziwa karibu theluthi ya mzigo, na hujaongeza hata kilo moja ya chuma. Kipimo cha mafundi wengi wa magari haya ni robo ya kipenyo cha tairi. Kwa tairi lako la 838 mm hiyo ni 210. Uko chini sana.

Nasisitiza hapa kwa sababu nimeletewa ekseli zilizong'oka breketi ya juu, bamba limechanika na kutoka na kipande cha nyumba ya difu, mafuta yamemwagika kwenye breki. Mikono yenyewe haina hata mkwaruzo.

Tuje kwenye antiskwoti. Ukiishazidi 100% gari linainuka nyuma kila ukikanyaga mafuta. Mwanzoni unafurahi, matairi yanakandamizwa chini. Lakini mwili ukishainuka hadi mwisho, mkandamizo unaisha, tairi linaachia, mwili unashuka, tairi linashika tena. Ndio mruko uleule unaoukimbia. Kwenye mwinuko mkali, nyuma inayojiinua inakuongezea na hatari ya kwenda mgongoni. Kwa gari la kupanda polepole mimi hukaa kati ya 60 na 100.

Shusha ncha ya chasisi ya mkono wa chini kutoka 500 hadi 460. Kisha kwenye chasisi weka breketi ya juu yenye matundu matatu, yapishane 25 mm: 580, 605 na 630 kutoka ardhini. Nimekupigia hesabu kwa vipimo vyako na ncha ya ekseli ikiwa 620. Tundu la 580 linakupa 100%, la 605 linakupa 77%, la 630 linakupa 54%. Bolti moja unaihamisha, tabia ya gari inabadilika. Anza na la katikati. Na kumbuka 800 ya kitovu cha uzito ni makadirio. Ukipakia mizigo na tairi la akiba juu, asilimia zote zinashuka, ndiyo maana matundu yana thamani kuliko namba moja ya kwenye kikokotoo.

Bomba: kwa kubanwa peke yake, 50 kwa 6 ina nguvu ya kukutosha mara nyingi. Mkono wa chini unauawa na jiwe. Gari likikaa juu ya jiwe katikati ya mkono, 50 kwa 6 ya chuma cha megapaskali 350 inaanza kupinda moja kwa moja kwenye tani 1.2. Ukiongeza unene hadi 10 unapata tani 1.6, na bomba linafika kilo 9.9 kwa mita. Ukiacha unene wa 6 ukaongeza kipenyo hadi 60, unapata tani 1.9 kwa kilo 8 tu. Ongeza kipenyo. Mikono ya juu iache na 50 yako, mawe hayafiki huko.

Raba au rodi endi: ekseli ikipinda upande, tairi moja juu moja chini, kila mkono unataka kujisokota. Ukiweka raba ngumu ncha zote mbili, raba ndiyo inasokotwa, na ikikataa inasokota breketi. Weka bushi kubwa ya raba kwenye chasisi, inameza kelele na mshtuko, na jointi ya duara kwenye ekseli. Bolti ishikwe na bamba pande zote mbili, isining'inie upande mmoja hata siku moja. Milimita 16, daraja la 10.9, na sehemu laini ya bolti ndiyo ikae ndani ya bamba, si meno.

Kijiko_cha_Tope

Kwa nini asiige Land Rover Defender ya zamani? Nyuma ina mikono miwili ya chini na fremu ya umbo la A juu, bol jointi moja kwenye difu. Imefanya kazi miaka na miaka, na reli za chasisi hazimsumbui.

MzeeWaChasisi

Ni mpangilio mzuri, na kwa jiometri ni uleule wa mikono miwili ya juu iliyokutanishwa mahali pamoja. Ila bol jointi moja inabeba mvuto wote wa juu pamoja na nguvu ya upande, na ile A lazima itengenezwe kwa usahihi kwenye jigi (fremu ya kushikilia vipande visisogee). Mtu anayekata bomba nyumbani atapata urahisi zaidi kwenye mikono miwili yenye nyuzi za kurekebisha urefu.

NyundoNzito

Mzee amemaliza suala la nguvu, mimi nina la usukani wa nyuma. Mikono ya chini ikiwa sambamba na inapanda kuelekea mbele, mhimili ambao mwili unalalia kwenye kona unapanda nao. Kwa vipimo vya Mzee, 60 mm ndani ya 950, ni digrii 3.6. Matokeo yake gari likilala kwenye kona, ekseli ya nyuma inageuka kidogo kuelekea nje ya kona na mkia unataka kukupita. Kwenye mawe hutaliona. Kwenye barabara ya vumbi kwa mwendo, ukikwepa kitu ghafla, utalijua.

Dawa yake ni kukusanya ya chini pia, yaani ikaribiane kuelekea mbele. Ncha za ekseli ziweke 500 mm kutoka katikati, ncha za chasisi 350. Ukiirefusha mistari hiyo miwili inakutana karibu mita 3.2 mbele ya ekseli, kwa kimo cha 600. Ya juu inakutana kidogo nyuma ya ekseli kwa kimo cha 620 na ushee. Unganisha hizo sehemu mbili, huo ndio mhimili wako, na umekuwa karibu bapa, unateremka kidogo sana mbele. Mkia unatulia.

Na kuna faida ya pili. Mikono ya juu pekee, kwa hiyo 60 hadi 340, inatengeneza jumla ya digrii 44 kati yake. Wengi huchukulia 40 kama kiwango cha chini kabisa cha kuzuia ekseli isiteleze upande kwa upande, kwa hiyo umepita kwa kukwaruza. Ya chini ikikusanywa inaongeza digrii 18. Bila Panhard, utazihitaji.

TairiChini

Nashukuruni sana, nimechora upya yote usiku huu. Kukusanya ya chini inawezekana, tanki halinigusi. Shida imebaki moja. Sakafu ya bodi la nyuma iko 830 kutoka ardhini. Ncha ya juu ikiwa 620, breketi na jointi vinafika 660. Ekseli ikipanda 150 inakuwa 810, inabaki 20 mm na raba bado itabanwa. Nishushe ncha ya juu hadi 600? Pia sikusema, propela yangu (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) ni ya vipande viwili, ina beringi ya katikati.

MzeeWaChasisi

Kwa 600 umbali ni 200, mzigo wa chini 3.0 za N na wa juu 2.0. Si mbaya, lakini mimi ningebaki na 620 na kupunguza safari ya kupanda. Weka mpira wa kikomo usimamishe ekseli kwenye 120, ubakiwe na 50. Hizo milimita 30 za juu huzihitaji kwenye mawe, tairi linaloshuka ndilo linalotafuta ardhi. Mzigo kwenye breketi unao kila ukikanyaga mafuta.

Propela ni jambo zito. Kipande cha nyuma kikiwa na urefu wa 800, ekseli ikishuka 200 unaongeza digrii 14 kwenye krosi (kiungo cha propela kinachopinda) juu ya zile ulizonazo tayari. Ukiweka kipande kimoja cha 1400 inakuwa digrii 8. Beringi ya katikati na boriti yake vikitoka unapata na nafasi ya mikono ya juu. Pima kama kipande kimoja kinapita chini ya boriti ya katikati ya chasisi, na kama urefu huo unakubali mwendo wako wa barabarani bila kutetemeka.

Kumbuka pia ekseli haishuki wima. Kwa mikono hii, ikishuka 200 inakwenda mbele kama 34 mm. Angalia tairi lisiguse ukingo wa mbele wa matao, na splaini ya propela (sehemu yenye meno inayoteleza) iwe na nafasi ya kuingia. Pinioni nayo inainuka kama digrii 2 na nusu ikishuka, na hiyo inakusaidia, inaitazama transfa (gia boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma).

Kuchomelea daraja (chuma kinachoshika breketi za mikono ya juu) juu ya nyumba ya difu: funga difu yenyewe ndani na bolti zake zote, chomelea vipande vya sentimita 3 hivi, ruka upande wa pili, subiri uweze kushika kwa mkono, endelea. Ukivuta mshono mrefu mara moja, nyumba inapinda kama ndizi, sili zinavuja na beringi za magurudumu zinakula upande.

Breketi zote zishikize kwa nukta tu kwanza. Toa koili na shokapu, weka jeki chini ya ekseli, ipandishe hadi kwenye mpira, ishushe hadi mwisho, kisha upande mmoja juu na mwingine chini, kulia na kushoto. Kila hatua zungusha propela kwa mkono usikie kama krosi inagota, na tazama rodi endi kama imefika mwisho wa pembe yake. Ukifika kwenye tairi moja juu moja chini piga picha ya jointi za juu kwa karibu uilete hapa, ndipo mara nyingi zinapogusa breketi.