Nani kakufundisha kufungua data ghafi na kubonyeza Save?

Wakuu, nina hasira na leo nasema.

Wiki tatu tumezunguka vijijini kuandikisha wakulima 1,180. Kila mmoja katoa kitambulisho, tumeingiza namba ya NIDA, tarakimu 20 bila vistari, zinaanza na tarehe ya kuzaliwa, tukaihakiki mbele yake. Nikashusha data kama CSV, yaani faili la maandishi matupu, safu zimetenganishwa kwa koma, nikaweka kwenye folda ya ofisi. Jumatatu mwenzetu kaifungua kwa Excel "kuangalia tu". Kapanga majina kwa herufi, kabonyeza Save, kaitupia kwenye grupu la WhatsApp: "Data final hiyo."

Naifungua, safu ya NIDA inasoma 1.98704E+19. Nashuka chini, mtu mwingine kabisa, 1.98704E+19. Wote waliozaliwa Aprili 1987 wamekuwa mtu mmoja! Excel haishiki zaidi ya tarakimu 15 za namba, na ukisevu CSV inaandika kile kinachoonekana kwenye kisanduku, basi. Kilichobaki ni mwaka na mwezi wa kuzaliwa. Namba za simu nazo zimepoteza sifuri ya mbele, ila hiyo unairudisha.

Nakala nyingine? Hakuna. Vishikwambi tulivyoandikishia vilishafutwa viende mradi mwingine. Disk ya nje nimeiomba tangu Januari, naambiwa bajeti.

Jamani, data ghafi haiguswi. Ikishashuka, ipe folda yake, iwekee Read-only (isomeke tu, isibadilike), toa nakala, kazi zote fanyia kwenye nakala. Jina la faili libebe tarehe, mwaka ukitangulia: wakulima_2025-03-14_v02. Hizo "final", "final2", "final ya bosi" zinamwambia nani ipi ni ya karibuni? Nakala moja ikae kwenye disk ya nje, nyingine nje ya jengo kabisa, maana mwizi akibeba kompyuta anabeba na disk iliyo pembeni yake. Na kama lazima Excel, usilibofye faili mara mbili. Pitia Data, From Text/CSV, safu ya NIDA uifanye Text kabla haijaingia. Ni dakika mbili!

Na asije mtu kuniambia haya ni ya ofisi ndogo. Uingereza, Oktoba 2020, wagonjwa 15,841 wa korona walikosekana kwenye hesabu kwa sababu data ilipitishwa kwenye faili la .xls, aina ya zamani ya Excel, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Watu waliokaa karibu na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa.

Sisi bosi kasema tuwapigie wakulima simu. Juzi bibi mmoja hajui kusoma, nikasubiri mjukuu wake atoke shule anisomee tarakimu moja moja. Ya kumi na mbili mtandao ukakata. Tukaanza upya.

Nimefika mkulima wa 214. Asubuhi hii nafungua grupu, nakuta faili la namba hizo hizo nilizozikusanya upya: "Data final mpya." Kalifungua tena kwa Excel.