Mrejesho: nibaki nisubiri ukapteni au niondoke?

Wakuu, mwaka jana niliuliza: ni rubani msaidizi wa shirika dogo la safari fupi hapa Marekani, nimepata ofa ya kurusha ndege za mizigo, je niende au nisubiri ukapteni ndipo niombe shirika kubwa? Wengi mlisema nisubiri. Nilisubiri, na mlikuwa sahihi, ingawa nusu tu.

Sheria inataka saa 1,000 za kazi ya shirika la ndege kabla hujakalia kiti cha kushoto, yaani cha kapteni. Mimi nilikuwa na 870. Kila nikiuliza naambiwa "mwezi ujao", kumbe nimepangwa zamu ya akiba: sare imepigwa pasi, simu mkononi, na siitwi. Mwezi mmoja niliruka saa 19 tu! Hapo mlinipotosha kidogo.

Mwezi wa nne nikapata mistari minne begani, alama ya kapteni. Safari ya kwanza naingia chumba cha marubani, mwili ukageukia kulia wenyewe. Msaidizi wangu alicheka sana.

Sasa nimeitwa usaili na shirika kubwa. Nikipita naanzia mkiani, maana namba ya ukongwe (nafasi yako kwenye foleni ya marubani wa shirika) haihami na mtu, na ndiyo inayoamua ratiba, likizo na aina ya ndege. Nina miaka 41, kustaafu ni 65, kwa hiyo kila mwezi una uzito.

Usaili ni wiki ijayo. Kitabu changu cha saa za kuruka kina ukurasa niliojumlisha vibaya. Usiku huu nauhesabu upya.