Mrejesho: ile maiki ya kubana kwenye nguo
Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza maiki gani ya bei nafuu inafaa kurekodia video kwa simu, maana sauti yangu ilisikika kama naongea ndani ya pipa. Wengi mlisema nianze na ile ndogo ya waya, ya kubana kwenye nguo. Nikanunua.

Siku ya kwanza nilinuna. Simu haikuitambua kabisa, ikaendelea kurekodi kwa maiki yake yenyewe. Kumbe pini yake ilikuwa na mistari miwili ya kuizunguka, aina iitwayo TRS, ya kamera. Tundu la hedifoni la simu linataka pini ya mistari mitatu, iitwayo TRRS. Kiunganishi kidogo cha kugeuza TRS kuwa TRRS kikamaliza kesi. Uliyeniambia nihesabu mistari kabla ya kulipa, nisamehe, nilikupuuza.

Sasa naibana kifuani, kama shubiri moja chini ya kidevu, na mwangwi wa chumba umepungua mno. Nje bado upepo unaingia hata nikiivisha sponji. Nitajaribu kifuniko cha manyoya. Shati la kitambaa kigumu nalo linakwaruza, msilivae. Ya bila waya nimeiacha kwanza, kuchaji kila mara siwezi.