Naomba ushauri: mtoto wa siku nne ana manjano, bibi yake anasema ni kawaida

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Nipo Newala, baba mpya kabisa, wa siku nne.

Mtoto wa kiume, kazaliwa salama alfajiri, kilo 2.9. Nilikuwa nje kwenye benchi na beseni langu la khanga. Nesi aliponiita nilisahau hata kuuliza ni wa kike au wa kiume. Mtoto akachomwa BCG (chanjo ya kifua kikuu), akapewa matone ya polio, kesho yake tukaruhusiwa.

Jana niliona macho yamekuwa ya njano, leo njano imeshuka mpaka kifuani. Hana homa, anakojoa, ila usingizi umezidi: mpaka mama yake amsugue nyayo ndipo anyonye, naye anaachia upesi. Mama mkwe akasema tumtoe jua la asubuhi na tumpe maji ya glukosi. Juani tumemtoa jana na leo, sioni tofauti. Maji nimekataa, kliniki tuliambiwa maziwa ya mama tu miezi 6. Sasa mkwe ameninunia (na ndiye anayepika, mjue hali yangu).

Kliniki tumepangiwa siku ya 7. Kituo kipo mbali, usafiri ni bodaboda, na mama mtoto bado ana nyuzi. Moyo unaniambia twende tu.

Naomba mnisaidie: kwa njano na usingizi huu, nisubiri siku ya 7 au niwapeleke leo hii hii? Na hayo maji, nimwambieje mkwe bila kumvunjia heshima?