Mwalimu wa tuisheni, "nusu jicho lina faida gani" imenichosha!

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira, mnivumilie.

Kijana wangu yuko kidato cha nne. Jana karudi tuisheni na daftari: swali la viumbe tata vilipatikanaje, kajibu ukurasa mzima kuhusu mageuzi, yaani vilibadilika kidogokidogo kizazi hadi kizazi, akatolea mfano jicho, kapigwa kosa jekundu mpaka karatasi imetoboka. Pembeni mwalimu kaandika: "Nusu jicho lina faida gani?" Yaani jicho lisilokamilika halina kazi, kwa hiyo haliwezi kuja kidogokidogo. Sifuri.

Mwalimu, kama umo humu: muulize mwenye mtoto wa jicho kama yuko radhi umfunge kitambaa kabisa, maana anachoona ni nusu tu.

Na hizo nusu zipo hai leo. Mnyoo bapa wa madimbwini ana vijishimo viwili vyenye seli zinazohisi mwanga. Haoni sura ya kitu, ila anajua mwanga unatokea upande gani, anakimbilia gizani asiliwe. Nautilasi, yule ndugu yake pweza mwenye gamba, jicho lake ni tundu lisilo na lenzi, maji ya bahari yanaingia mpaka ndani. Anaona ukunguukungu na maisha yanaenda. Mwaka 1994 wanasayansi Nilsson na Pelger wa Sweden walipiga hesabu: kutoka seli bapa za mwanga mpaka jicho kama la samaki, kwa kubadilika asilimia 1 kila hatua, vizazi visivyofika 400,000 vinatosha. Uhai una zaidi ya miaka bilioni 3!

Halafu ule wimbo wenu kwamba mageuzi ni sawa na kimbunga kupita dampo la vyuma kikaunda ndege. Nani kasema ni bahati nasibu tupu? Jeni ndizo zinabadilika ovyo. Mchujo hauko ovyo: asiyemwona mwewe analiwa kabla hajazaa. Kimbunga hakitunzi bolti iliyokaa vizuri jana, uzazi unatunza.

Kilichoniuma hasa ni ule mchoro wa dogo daftarini. Juzi mezani nilimchorea msalaba, na kulia kwake nukta, sentimita 8 hivi katikati. Akafumba jicho la kushoto, akakazia msalaba, akawa anasogeza karatasi taratibu. Ilipofika kama futi moja, nukta ikapotea. "Baba, imemezwa!"

Ni kwamba nyuzi za neva zetu zimepita mbele ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaonasa mwanga, kwa hiyo lazima zitoboe pahali zitokee nyuma, na pale pahali hapaoni kitu. Pweza, huyuhuyu mnayemla na pilipili Forodhani, nyuzi zake zimepita nyuma tangu mwanzo. Hana upofu huo. Koo mbili, wetu na wa pweza, zimeunda jicho la lenzi kila mmoja kivyake, kwa malighafi uliyoikuta, na jicho letu limebaki na kiraka kisichoona. Dogo kaandika yote hayo na mchoro juu. Kosa!

(Na msinianzishie habari za dini, Jumapili niko kwaya kama kawaida.)

Nimempa ile karatasi. Kesho anaenda nayo, amwombe mwalimu afumbe jicho la kushoto.