Naombeni ushauri: ukaguzi wa afya kabla ya kufungua mgahawa

Habari za muda huu wakuu, nipo Morogoro nataka kufungua mgahawa wa chakula cha kawaida tu, wali maharage, ugali samaki, asubuhi chai na supu. Fremu nishapata, TIN ya TRA ninayo, jina la biashara nimesajili BRELA, na leseni naelewa naombea mtandaoni kwenye mfumo wa TAUSI wa halmashauri.

Kinachonipa presha ni ukaguzi. Jikoni ni padogo, sinki ni moja na sakafu ni ya sementi, nimeshaweka vigae ukutani kwenye majiko ila juu hakuna silingi bord, ukiangalia unaona bati, sasa jirani anasema bwana afya hawezi kupitisha jiko la hivyo, mwingine ananiambia cha muhimu maji ya kutiririka, choo safi na pa kunawia mikono, nashindwa nimsikilize nani. Wadada wawili wa jikoni nao nataka wapime afya mapema kabla hatujaanza, hilo sitaki longolongo maana watu watakula hapo na watoto wao.

Mliopitia hili, mkaguzi alianza kuangalia nini kwako? Na je TBS (shirika la viwango) wanahusika na mgahawa mdogo kama huu au wao ni viwandani tu, maana tangu 2019 mambo ya chakula yalitoka TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, yakaenda kwao? Zimamoto je, mtungi mmoja wa kuzimia moto unatosha? Kodi ya fremu inakimbia ndugu zangu, naombeni mnijibu kwa uzoefu.